Baiskeli ya graveli ya kujengewa: anza na tairi, fremu baadaye

Siku fremu ilipofika niliibeba begani mpaka kwa fundi wangu karibu na soko, mzee ambaye kashika spana tangu mi sijazaliwa. Shikamoo mzee. Marahaba, akaitikia huku macho yako kwenye fremu. Akaipokea, akaigonga kwa ukucha ikalia ting, akachungulia tundu moja moja, akainyanyua kwa mkono mmoja kupima uzito, mi nasubiri sifa tu hapo. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, tairi ya hii inauzwa wapi hapa Tabora?"

Sikuwa na jibu. Mengine yote nilikuwa nayo, rangi nilichagua wiki mbili nzima, usukani niliangalia picha mpaka bando likaisha, lakini tairi nilikuwa nimeiacha ya mwisho kama vile ni kitu cha kuokota njiani. Ndo maana naandika hii, kwa sababu naona vijana wengi siku hizi wanaulizia hizi baiskeli na wanaanzia palepale nilipoanzia mimi, kwenye rangi na jina la kampuni, wakati kwa barabara zetu na maduka yetu mambo yanatakiwa yaende kinyumenyume.

Kwanza hilo jina lisikutishe. Graveli ni moramu, changarawe, basi. Kule Marekani majimbo ya katikati yana barabara za mashambani zisizo na lami zinaenda mpaka macho yanachoka, watu wa baiskeli wakachoka kugombania lami na magari wakahamia huko, na mwaka 2006 pale Emporia, Kansas, yakaanza mashindano ambayo leo yanaitwa Unbound Gravel, mbio yake kubwa ni maili 200, yaani kama kilomita 322 za kokoto kwa mkupuo. Mwaka 2022 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikaweka ubingwa wa dunia wa graveli, wa kwanza ukafanyika Italia. Na hapa jirani, Kenya wana Migration Gravel Race kule Maasai Mara tangu 2021. Baiskeli yenyewe ni kama mtoto wa baiskeli ya mbio za lami na ile ya milimani: usukani uliopinda chini kama pembe za beberu, tairi nene kiasi, kuanzia milimita 38 hivi mpaka 50, breki za diski, gia nyepesi na tundu nyingi za kufungia mizigo.

Mi huwa nawaambia watu kwamba sisi graveli tulikuwa nayo siku zote, ilikuwa inaitwa Phoenix. Hebu iangalie vizuri siku moja ikiwa imeegeshwa chini ya mwembe. Imelala, shingo ya mbele imeinama nyuma, gurudumu la mbele na la nyuma yako mbali, ringi kubwa za 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Ule muundo ni wa Uingereza ya zamani enzi ambazo barabara zao zilikuwa mbovu kama zetu, na ndo sababu unamwona mtu anatoka Sikonge na madumu ya asali au magunia mawili ya mkaa, mchanga huo, na anafika. Kinachoiangusha Phoenix ni uzito (kilo ishirini na kitu), kukosa gia, na zile breki za vyuma ambazo zikilowa we unapiga breki na yenyewe inatafakari kwanza.

Sasa neno "kujengewa" linachanganya watu maana kuna mambo matatu tofauti yanaitwa hivohivo. La kwanza ni fremu ya kupimiwa mwili wako, kama suti, mtu anakukatia mabomba kwa urefu wa miguu na mikono yako, unasubiri miezi, na bei yake usiisikie ukiwa na njaa. La pili ni fremu ya kawaida ya saizi iliyopo, halafu vitu vingine vyote unachagua mwenyewe kimojakimoja, magurudumu, krenki (ile mikono inayoshika pedeli), usukani, breki. La tatu ni kuchukua baiskeli ya mtumba ya chuma, ile nzuri ya zamani, unaivua nguo zote na kuijenga upya. Yangu ni la pili lenye damu ya la tatu. Na kusema ukweli kwa watu tisa kati ya kumi hilo la pili linatosha kabisa, ya kupimiwa inawafaa hasa wale ambao miili yao haikai kwenye saizi za dukani, mrefu sana au mfupi sana, au mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi.

Haya, tairi. Hapa ndo patamu na hapa ndo watu wanapigwa.

Zile namba tunazozoea, 26, 27, 28, 29, ni inchi za kubahatisha, zinaelezea ukubwa wa nje wa tairi fulani ya zamani ambayo pengine haipo tena. Namba ya kweli imeandikwa pembeni ya tairi kwa maandishi madogo, mfano 40-622 au 50-559. Ya kwanza ni unene kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokalia ringi. Hiyo ya pili ndo haina mjadala, ikipishana hata kidogo tairi haikai. Phoenix ni 635. Baiskeli nyingi za gia zile za 26 wanazoendea watoto shule ni 559. Graveli nyingi ni 622, nyingine 584.

Mtego uko hapa: tairi ya Phoenix imeandikwa 28, na kuna tairi za 622 nazo zimeandikwa 28. Mtu anaona 28 na 28 anasema si ndo hiyohiyo, analipa, anafika nyumbani, tofauti ni milimita 13. Tairi ya 622 kwenye ringi ya 635 haiingii hata umuite nani, na ile ya 635 kwenye ringi ya 622 inaingia kirahisi mno, inacheza, na siku ukijaza upepo vizuri inaruka nje na tyubu inapasuka kama baruti. Mi nilikaribia kufanya hivo, mzee akanipokonya tairi mkononi.

Lakini sasa kuna habari njema ambayo sikuijua mpaka mzee aliponituma nikazunguke maduka na kikaratasi cha namba. Zile baiskeli kubwa za milimani wanazoita 29, ambazo zimeanza kuwa nyingi mjini, kipenyo chake ni 622. Kilekile cha graveli! Jina linasema 29, jingine linasema 28, jingine 700C, ringi ni moja. Kwa hiyo tairi ya 29 ya inchi 1.95, ambayo ni kama milimita 50, inakaa kwenye gurudumu la graveli bila ugomvi wowote, ilimradi fremu na foki ziwe na nafasi ya kuipokea. Na hapo ndo fremu inaingia kwenye stori. Ukiwa unachagua fremu, kabla hujauliza rangi, uliza inapokea tairi ya milimita ngapi, wakikwambia 40 shukuru na uendelee na safari yako, wakikwambia 50 na kitu kaa chini mzungumze. Kwa sababu fremu ya 40 imekufunga kwenye tairi ambayo lazima iagizwe Dar au nje, na ikichanika uko Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, umekwisha.

Ni bahati kwamba fremu yangu ilipokea 50, sikuwa nimeuliza, nilinunua kwa macho.

Nafasi hiyo ina kazi nyingine masika. Wenyeji mnaijua mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, ukilowa unashika tairi, unajikusanya, unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka na baiskeli inabidi uibebe, nayo imeongezeka kilo kama tano za tope. Fremu yenye nafasi finyu inakwama hatua kumi za kwanza. Yenye nafasi inakwama hatua mia, lakini mia ni nyingi kuliko kumi. Ukitaka tope lipite vizuri, kiangazi funga tairi ya 50, mvua zikianza ushuke kwenye 40, palepale kwenye fremu ileile.

Unene nao una hesabu yake. Upepo unaoingia kwenye tairi unakua kwa mraba wa unene, kwa hiyo tairi ya 45 haijaizidi ya 28 kidogo kama inavyoonekana kwa macho, inabeba hewa karibu mara mbili na nusu. Hewa ndo springi yako. Watu watakwambia chuma kinabembeleza, alumini inapiga mgongo, karboni inanyonya mtetemo, na humo ukweli upo kiasi, ila vyote hivyo ni vidogo ukilinganisha na tairi nene yenye upepo sahihi. Fremu iwe ya dhahabu, ukijaza tairi mpaka inalia kama ngoma utakula zile mawimbi za barabara kama mtu anayeendesha juu ya bati la migongo mipana.

Na sisi tunajaza sana. Fundi wa mtaani hana kipimo, anabonyeza kwa dole gumba, akiona gumu anaridhika, na kwa Phoenix yenye gunia nyuma yuko sahihi kabisa. Kwa graveli, mtu wa kilo sabini na kitu kama mimi kwenye tairi ya 45 napiga upepo wa psi 32 mbele na 35 nyuma, nikijua leo mchanga mtupu nashusha kidogo. Ukishusha mno ukiwa na tyubu, siku unapiga jiwe ringi inaibana tyubu na kuacha matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka, ukiyaona hayo ujue si mwiba, ni upepo mdogo. Nunua pampu yenye geji. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha na kinabadilisha baiskeli kuliko vyote.

Miiba sasa. Huku tuna migunga, na mwiba wa mgunga hauna adabu. Njia moja ni tyubulesi, unaondoa tyubu, unatia maji fulani mazito ndani ya tairi yanayoziba tundu dogo lenyewe hata kabla hujajua umechomwa. Ni uchawi mzuri, ila yale maji yanakauka, na kwa joto letu la Septemba na Oktoba usitegemee zaidi ya miezi miwili mitatu bila kuongeza, na hapa mjini sijayaona dukani. Mi naendesha tyubulesi kiangazi lakini kwenye mkoba nina tyubu mbili, viraka, solusheni na msasa, kwa sababu kiraka kila kijiji wanakijua na yale maji ukiyataja wanadhani unaulizia dawa ya ng'ombe.

Fremu. Nitaenda haraka kwenye vingine ila hapa pana mambo mawili ya kuelewa, saizi na tabia.

Saizi usiichukue kwa urefu wako wa jumla. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kigumu kati ya miguu juu kabisa mpaka kikuguse mfupa, mwenzako apime kutoka mgongo wa kitabu mpaka sakafuni. Zidisha hiyo namba kwa 0.883, unapata urefu wa kiti kutoka katikati ya krenki mpaka juu ya siti, siyo sheria ya Mungu lakini ni pa kuanzia. Watu wawili wa sentimita 175 mmoja anaweza kuwa na mguu wa 80 na mwingine 86, wa kwanza siti yake ni kama 70.6, wa pili karibu 76, sentimita tano na zaidi, na wote dukani wangepewa saizi moja. Yule wa pili kiwiliwili chake ni kifupi, akipanda baiskeli ya mwenzake atajinyoosha kama anayechungulia kisimani, shingo inauma, vidole vinakufa ganzi. Kwa hiyo ukisoma vipimo vya fremu angalia vile viwili, kimo cha mbele na umbali wa mbele, vinapimwa kutoka kwenye krenki kwenda juu na kwenda mbele hadi kichwa cha fremu. Hivyo ndo vinakwambia utakaaje. Neno "midiamu" halikwambii chochote.

Tabia ni pembe. Bomba la mbele likisimama wima zaidi, kama digrii 73, baiskeli inageuka haraka, tamu kwenye lami. Likilala kwenye 71 au 70 inatulia. Sababu ni hii: ukiuchora mstari wa lile bomba uendelee mpaka chini utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi inapogusa, na hilo pengo ndo linalolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kama vigurudumu vya kiti cha ofisi vinavyojigeuza kufuata unakosukuma. Pengo kubwa, utulivu mkubwa. Kwenye mchanga wa njia ya Kwihara utaombea pengo kubwa. Phoenix wanalijua hilo miaka mia.

Kuhusu malighafi mi ni mtu wa chuma, kile chenye kromiamu na molibdeni wanachoita kromoli, na sababu yangu siyo ya kimapenzi. Alumini ni nyepesi na bei yake nzuri, haina tatizo. Karboni nyepesi zaidi lakini ikipata pigo unaweza usione ufa, na hapa hamna wa kuuangalia. Titani haishiki kutu na itakuzika, ila pesa yake ni ya kiwanja. Chuma kinachomeleka. Ila tahadhari jamani, watu wanasema chuma kizuri kwa sababu kila kijiji kuna wa kuchomelea, si kweli hivo, bomba la kromoli nzuri mwishoni lina unene wa milimita 0.8 na katikati 0.5, jembamba kuliko sarafu, ukimpelekea anayechomelea mageti kwa umeme ataliyeyusha tundu. Mtafute anayechomea kwa gesi na shaba, taratibu, moto mdogo. Wapo, wazee wazee hivi, na wanapungua.

Pale krenki inapokaa chagua yenye nyuzi za kufungia, zile pana milimita 68, usikubali ile ya kusokomeza beringi kwa kubana. Ya kubana ikiingia vumbi inaanza kulia kwiku kwiku kila ukikanyaga. Na kumbuka upande wa cheni nyuzi zake zinafungwa kinyume, fundi mgeni akilazimisha kufungulia kulia kwenda kushoto kama boliti nyingine anaharibu fremu. Mwambie kabla hajashika spana, kwa heshima lakini mwambie.

Gia. Kuna vita kubwa ya sahani moja mbele au mbili, mi naona Tabora ni tambarare kwa hiyo moja inatosha, kitu kimoja kidogo cha kuharibika. Hesabu yake rahisi: gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa tairi ya 45 ni kama mita 2.24. Mbele 40 nyuma 42 unapata mita 2.1 kwa mzunguko mmoja wa pedeli, nyepesi ya mchangani. Mbele 40 nyuma 11 unapata mita 8.1, hiyo utaitumia lami ya kwenda Nzega upepo ukiwa mgongoni. Ndugu zetu wa Kigoma wao na vile vilima vya kupandia Kasulu waweke 34 mbele, nyepesi inashuka mpaka mita 1.8, hapo unapanda huku unaongea. Idadi ya gia usishindane, 9 au 10 zinatosha. Kadiri zinavyoongezeka cheni inakuwa nyembamba, ghali, na haipatikani. Na gurudumu la nyuma hakikisha ni la kaseti, yaani meno yanachomekwa kwenye kitovu, siyo friwili ya kusokota, maana kwenye friwili beringi za kulia zinakaa ndani mbali na ncha, ekseli inapinda kwenye mashimo yetu kama mshikaki.

Spoku 32 kila gurudumu. Nilishauriwa 24 kwa ajili ya wepesi nikakataa, ni moja kati ya maamuzi machache niliyoyafanya mwenyewe yakawa sawa.

Breki: diski ndiyo, lakini za waya. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, sibishi, ila waya wa breki unauzwa kila genge la fundi na mara nyingi unakuja na vichwa viwili, kimoja duara kama kipipa na kingine kama pea, unakata usichohitaji. Usukani uliopinda unataka cha pea. Kama tayari una za mafuta za Shimano, zinatumia mafuta ya madini, sasa usije ukadanganywa ukatiwa mafuta ya breki ya pikipiki au gari, ile DOT inakula mipira ya ndani, baada ya muda breki yote ni ya kutupa. Uzuri mwingine wa diski ni kwamba breki haijali ringi, kwa hiyo fremu moja inaweza kuvaa magurudumu ya 622 au ya 584 yenye tairi nene, ila uangalie kama fremu imekubali.

Vitu vya kuagiza kumbuka vina safari. Pale Kwihara kwenye tembe ambalo sasa ni makumbusho, Livingstone alikaa kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi ambao Stanley alimtumia kutoka pwani. Mi nilisubiri seti moja ya pedi za breki nikawa nampitia pale mara kwa mara kumpa pole. Agiza pedi mbili mbili, cheni mbili, na kile kikono kinachoshikilia mashine ya gia ya nyuma kwenye fremu, kinachovunjika kwanza ukianguka. Kile kila fremu ina cha kwake na ukikosa huendi popote.

Cheni nimeipatia adhabu nyingi. Oli chafu ya pikipiki usitumie, najua kila mtu anatumia, kwenye vumbi letu jekundu inageuka msasa wa maji na inakula meno. Nikasikia wazungu wanachovya cheni kwenye nta, nikasema ala, Tabora tunakosa nta? Nikayeyusha nta ya nyuki, harufu nyumba nzima tamu, cheni ikatoka imeng'aa. Kilomita kumi imevaa vumbi kama mkate wa ufuta. Kumbe nta ya nyuki inanata, wanayotumia wao ni parafini, ile ya mishumaa. Sasa navunja mishumaa, nayeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto (siyo juu ya moto moja kwa moja, inawaka ile), cheni iwe imeoshwa mafuta yote kwanza, nachovya, naning'iniza ipoe. Inakaa kavu, vumbi linateleza. Mama watoto anaomba umeme usikatike usiku huo.

Kufaidi sasa, maana watu wanajenga baiskeli halafu inabaki sebuleni. Mi natoka saa kumi na mbili kasoro, jua halijakasirika. Jumamosi fupi ni Kwihara na kurudi, ndefu ni kuelekea bwawa la Igombe au kusini upande wa Kipalapala na kuendelea msituni kwenye miombo. Maji lita tatu, ndo maana nilikuambia tundu za kufungia, chini ya fremu na kwenye foki. Chakula nabeba matobolwa na karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa havina mpinzani, havimwagiki, haviyeyuki, na vinatafunika kwa saa nzima. Chupa moja natia maji yenye asali na chumvi kidogo.

Mchangani punguza gia kabla hujaingia, siyo ukishazama. Kaa nyuma kidogo, mikono ilegee, uso utazame mbali, zungusha pedeli haraka haraka bila kukanyaga kwa hasira, usukani ukicheza uache ucheze. Ukiukaba unaanguka. Kwenye yale mawimbi ya barabara tafuta ukingoni kabisa, pale wenye Phoenix walipochora kanjia kao kembamba, hao wamepita maelfu ya mara na wamekuchagulia njia tayari. Lori la tumbaku likija simama pembeni, funika pua, hesabu mpaka ishirini.

Na utasalimia. Mwangaluka, mwangaluka, kila mita mia mbili, usipite kimya na kofia yako ya chuma kama askari. Ukisimama watakuja kuikagua baiskeli na maswali ni matatu kila mahali: bei gani, mbona siti nyembamba hivo, na keria iko wapi. Hilo la tatu nililibeba vibaya mwanzoni, niliona watu hawaelewi. Mwezi wa nne nikafunga keria. Kuna mama mmoja njia ya Igombe ananiuzia asali dumu la lita tano, siku ya kwanza nililifunga kwa mpira wa tyubu iliyochoka nikarudi nalo mjini kilomita zote hizo bila kumwagika hata tone, nikapitia kwa mzee kumwonesha. Akatikisa keria, akatikisa dumu, akakaza boliti moja robo mzunguko. Halafu akachukua kikombe.